Mkwe Chini ya Lori

Mkono uliomkamata Fortunato Huarachi kifundo cha mguu ulikuwa wa baridi, na haukuwa na haraka.

Hakupiga teke. Alilala vilevile chali chini ya lori la vitunguu, spana kifuani, mpira mpya wa kupitishia upepo wa breki mkononi, akisikiliza moyo wake. Alijua kinachomngoja nje. Watu wa Kollpana walikuwa wameifunga barabara kuu kwa mawe pande zote mbili za kijiji chao, na malori saba ya tajiri wake yakabaki katikati kama kondoo zizini. Waliapa kwamba hakuna gurudumu litakalozunguka mpaka wajengewe daraja waliloahidiwa tangu uchaguzi wa kabla ya uliopita. Na ili kiapo kisimame waliikata mipira ya upepo ya kila lori, kwa maana lori kubwa likikosa upepo breki zake hujifunga zenyewe, na hapo hata ulivute halitoki.

Tajiri akamtuma fundi wake. Aingie kwa miguu kupitia mashamba ya viazi, aunge mipira kimyakimya, malori yateremke kwa njia ya mtoni na kutoroka. Ndiyo kazi aliyokuwa ameianza aliposhikwa.

"Toka, mkwe," sauti ikasema. "Nimekujua kwa miguu."

Fortunato akafumba macho. Afadhali wangekuwa vijana wenye mijeledi. Aliyechuchumaa kando ya gurudumu, sketi zake nene zimetanda vumbini na kofia yake ya duara imekaa sawasawa kichwani, alikuwa mama Saturnina, kiongozi wa kizuizi kizima. Tena alikuwa mama mzazi wa Benita. Na Benita alikuwa mke wa Fortunato, au tuseme alikuwa bado mke wake, kwa kuwa hakuna aliyewahi kwenda kusema vinginevyo.

Miaka mitatu nyuma Benita alifunga virago vyake mjini Oruro akarudi kwao Kollpana. Hakupigwa wala hakutukanwa. Alichoka tu kuishi na mwanamume anayerudi nyumbani kulala, ananuka dizeli, na kuondoka kabla chai haijapoa. Desturi ilikuwa wazi: mume amfuate mkewe, akae mbele ya wakwe, aeleze, aombe. Fortunato alisema atakwenda lori fulani likishatengemaa. Likatengemaa, likaharibika jingine. Baadaye akawa hawezi kwenda kwa sababu ya aibu ya kutokwenda.

Akatambaa kutoka nje. Alimwamkia mkwewe kwa heshima zote, akifuta mikono kwenye suruali, naye hakuitikiwa. Mama Saturnina alinyoosha mkono, akauchukua ule mpira wa upepo, na mfuko mzima wa mipira mingine aliokuja nao. Kisha akapaza sauti kuwaita watu waje wamwone mwizi wa kizuizi chao.

Wakaja mbio. Fortunato alisukumwa mpaka uwanja wa shule, upepo wa nyanda za juu ukimpiga usoni kama changarawe. Madereva saba wa kampuni walikuwa wamekaa ukutani wakila viazi vya kukaushwa kwa baridi walivyogawiwa na wanakijiji. Waliponyanyua macho wakaona tumaini lao linaburutwa kwa kola, wakaacha kutafuna.

Grover, mkuu wa vijana wa kizuizi, kijana mpana aliyekuwa akiziba matairi kando ya barabara siku za amani, alitaka mkosaji afungwe kwenye mlingoti wa goli na achapwe mbele ya wote. Wengi wakanguruma kukubali. Shavu la Grover lilikuwa limevimba kwa majani ya koka aliyokuwa akitafuna, na filimbi ya kuitia watu ilimning'inia shingoni.

Mama Saturnina aliwaacha wamalize. Mjeledi wake wa uongozi ulikuwa begani mwake, ameuvaa kama mtu anavyovaa mtandio.

"Tukimchapa tutapata nini?" aliuliza. "Kelele. Ninyi mmekata mipira, na mipira inaungwa. Mmeona wenyewe huyu alivyokuja na mfuko mzima. Basi yeye mwenyewe aingie chini ya malori hayo, aharibu kitu kisichoungwa. Fundi ndiye anayejua kiko wapi."

Uwanja ukacheka kwa furaha. Ilikuwa adhabu tamu kuliko viboko. Lakini ukutani hakuna aliyecheka. Don Hilarión, dereva mzee wa lori la vitunguu, alimtazama Fortunato kwa muda mrefu, akatema mate mbele ya viatu vyake. Alisema kwamba wamekula sahani moja barabarani tangu wote wawili wana nywele nyeusi, na kama atalifanya hilo, asimwite tena kaka.

Fundi akatazama kulia, akatazama kushoto. Akikataa, ni mlingoti wa goli. Akikubali, hataweza kuingia gereji yoyote ya Oruro bila kunyooshewa kidole. Na pande zote mbili za kijiji kulikuwa na mawe yaliyomfika mtu kifuani.

Akainamisha kichwa kukubali.

Mama Saturnina akasema lazima kwanza aende kuchukua sanduku lake la spana, ambalo vijana walikuwa wamelitoa chini ya lori na kulificha nyumbani kwa mama huyo, nyuma ya shule. Akampeleka mwenyewe, akimsukuma mgongoni kwa ncha ya mjeledi, watu wakimzomea. Wakaingia. Akafunga mlango, akaweka komeo.

Hapo ndipo Fortunato alipoona jambo ambalo hakulitegemea maishani mwake. Mama Saturnina aliuegemea mlango, akateleza taratibu mpaka chini, akakaa sakafuni na kofia yake ikaanguka.

"Fortunato," alisema. Hakumwita mkwe. "Benita anakufa."

Benita alikuwa chumba cha ndani, chini ya blanketi za sufu, uso umekuwa rangi ya majivu, magoti ameyakunja tumboni. Nesi wa zahanati alikuwa amemgusa upande wa kulia wa tumbo akasema ni kidole tumbo, na kwamba kikipasuka humo ndani hakuna dawa ya zahanati itakayosaidia. Apelekwe hospitali ya mji wa pili, ng'ambo ya mto. Gari dogo kijijini lilikuwa moja tu, la mwalimu, na mtoni lingezama kwenye mchanga hata kabla ya kuona maji.

Fortunato aliuliza kwa nini hawafungui barabara, angalau kwa gari moja la kuja kumchukua kutoka upande wa pili. Mama Saturnina akacheka kicheko kibaya.

Alimsimulia akiwa palepale sakafuni. Juma lililopita Grover alikuja kumwangukia, akiomba mama yake, mama Teodora, apitishwe kwenda kutibiwa moyo. Watu wote walikuwa wanatazama. Saturnina aliona akifungua kwa mmoja atafungua kwa kumi, na kizuizi kitakuwa kimekwisha. "Nikamjibu kwamba kizuizi hakina mama wala mwana. Wakanipigia makofi. Leo nikatoke nikawaambie nini? Kwamba kina mwana, ila ni wangu tu?"

Yeye ndiye aliyeamuru mawe yawekwe, na sasa mawe yalikuwa yamemzingira yeye.

Akasimama, akavaa kofia. Akasema amemwokoa na viboko kwa sababu moja. Kuna wakati wa chakula cha pamoja, saa sita, kijiji chote kikiwa uwanjani. Wakati huo fundi atakuwa chini ya malori kwa ruhusa ya wote, akigonga na kukaza, na hakuna atakayeuliza. Atoe lori moja.

Fortunato alimwambia ukweli. Mipira amenyang'anywa, nayo sasa ipo mikononi mwa vijana, upepo haurudi. Ila kuna njia moja, mbaya. Kila gurudumu la nyuma lina kopo la chuma, na ndani ya kopo mna springi nene kama kifundo cha mkono. Upepo ukiisha, springi hiyo ndiyo inayobana breki. Inaweza kurudishwa nyuma kwa bolti, kopo moja baada ya jingine, kwa nguvu za mkono. Magurudumu yataachia.

"Lakini hayatasimama," alisema.

"Kabisa?"

"Nitateremka kwa gia. Gia ikinishinda, yatasimama yakikutana na kitu."

Mama Saturnina aliutazama mlango wa chumba cha ndani. Akaingiza mkono katika nguo zake za kifuani, akatoa rundo la funguo za malori alizowanyang'anya madereva. Akamwambia achague.

Alichagua lori la vitunguu. Lilikuwa kuukuu, gia zake hazikuhitaji upepo kama za malori mapya, na pua yake ilikuwa imeelekea mteremko wa mtoni. Vitunguu vyenyewe vilikuwa vimeoza juani mpaka maji yake yanadondoka chini ya bodi. Aliingia humo, akalala kwenye lile tope linalonuka, akaanza kukaza bolti ya kwanza. Nyuso za madereva wenzake zilionekana mbali, ukutani. Walimwona akiingia chini ya lori la rafiki yake kulitia ulemavu, kama walivyodhani, na hakuweza kuwaambia lolote.

Kopo la kwanza likaachia. La pili likaachia, ngozi ya kiganja chake ikichubuka. Kutoka uwanjani ilisikika minong'ono ya watu wakitandaza nguo chini na kumwaga viazi, maharage mapana na jibini. Mama Saturnina alikuwa akiwahutubia, sauti yake imenyooka kabisa.

Alipoanza kopo la tatu, kivuli kikamfunika. Grover hakuwa amekwenda kula. Alikuwa ameketi kwenye tairi la akiba, anatafuna majani yake, anatazama.

Fortunato aliendelea kukaza. Angefanya nini kingine? Kijana alingoja mpaka kopo la tatu lilipokwisha, kisha akainama akachungulia.

"Bolti zinatokeza," alisema.

"Ndivyo zinavyokuwa."

"Wewe mzee, mimi nimekuwa msaidizi gereji kabla sijaanza kuziba matairi. Mtu akiharibu breki, bolti haitokezi. Ikitokeza, springi imefungwa." Akatema majani pembeni. "Hili unalifungua. Nani anaondoka?"

Spana ilikuwa imeloa jasho. Fortunato alifikiria uongo, akauona mmoja, wa pili, na wote ulikuwa na matobo. Akasema, "Benita. Kidole tumbo."

Grover alishika filimbi yake, akaiweka mdomoni. Pumzi moja tu, na kijiji chote kingekuwa pale kabla kijiko hakijafika kinywani. Fortunato aliona kifua cha kijana kikijaa, kikabaki kimejaa, na macho yake yakitazama uwanjani, kwenye ile kofia ya duara iliyokuwa ikiwahubiria watu uvumilivu.

"Aliniambia mbele ya watu kwamba kizuizi hakina mama," Grover alisema, filimbi bado i kwenye mdomo wa chini. "Mama yangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Alisikia."

"Kebini ina nafasi ya watu wanne," Fortunato akamjibu.

Kijana akaiachia filimbi ikaanguka kifuani. Akainuka, akaondoka bila kugeuka. Hakuelekea uwanjani moja kwa moja, wala hakuelekea kwao moja kwa moja. Njia ya kwenda kote ilikuwa moja mpaka kwenye kona ya zahanati, na pale akapotea. Fortunato alibaki na kopo la nne. Akakaza akiwa hajui kama anakazia safari au anakazia mlingoti wa goli. Bolti iligoma katikati. Aliitia mafuta, akaibembeleza, akaitukana kwa sauti ya chini, akaweka miguu yote miwili kwenye chuma na kuvuta kwa uti wa mgongo. Springi ile ikichomoka inavunja mtu fuvu, naye uso wake ulikuwa sentimita chache tu kutoka nayo.

Ikakubali. Lori likatikisika kidogo, kama mnyama anayeamka. Mawe mawili tu chini ya magurudumu ya mbele ndiyo yaliyokuwa yanalizuia sasa.

Akasikia nyayo. Zilikuwa nzito na za mtu mmoja. Akatoa kichwa. Grover alikuwa anakuja kwa njia ya nyuma ya zahanati, amembeba mama yake mgongoni kwa mtandio, kama kina mama wa kule wanavyobeba watoto. Mama Teodora, mdogo na mkavu, alikuwa anamlalamikia mwanawe kwamba angempa walau nafasi ya kubadili sketi.

Benita alifika kutoka upande wa pili, ameshikiliwa na mama yake. Saturnina alikuwa amewaacha watu wakila akasema anakwenda kuleta chumvi. Alipomwona Grover akasimama. Wale wawili walitazamana juu ya kichwa cha mgonjwa. Kisha Saturnina akamwachia Fortunato mkono wa Benita, akaenda mwenyewe kumshika mama Teodora kiunoni, akamsukuma juu kwenye ngazi za kebini. Hakuomba radhi kwa maneno. Mama Teodora akiwa juu akamwambia kwamba ana mikono ya baridi tangu wakiwa wasichana.

Fortunato akampandisha mkewe. Alikuwa mwepesi kuliko alivyomkumbuka. Benita alimtazama tope la vitunguu usoni, viganja vilivyochubuka, na yule mwanamke aliyekuwa na maumivu ya kufa akapata nguvu za kusema lake.

"Miaka mitatu nilikuwa natazama mlangoni," alisema. "Kumbe ungekuja kwa chini ya gari."

"Nimechelewa."

"Hukuchelewa, Fortunato. Hukuja. Umetumwa na tajiri wako."

Ilikuwa kweli. Alimfunika blanketi miguuni. Benita hakuisukuma.

Fortunato alimgeukia mkwewe, akamsihi apande naye. Nafasi itapatikana, watabanana. Injini ikinguruma tu kijiji kizima kitajua, na ghadhabu yote itamwangukia atakayebaki. Mama Saturnina alikuwa anautazama mjeledi wake wa uongozi. Aliutoa begani, akaukunja vizuri.

"Nilikula kiapo mbele yao," alisema. "Nitakwenda kuwaambia mwenyewe kabla hawajauliza. Wewe mfikishe mwanangu. Ukimfikisha, rudi uje ukae mbele yangu uombe kama watu wanavyoomba. Mlango ni uleule."

Akaondoka kuelekea uwanjani, mgongo wima, hatua fupifupi.

Grover akapiga teke mawe mawili chini ya magurudumu, akarukia ngazi ya upande wa abiria. Fortunato akageuza ufunguo. Injini kuukuu ikakohoa, ikakohoa tena, ikanguruma.

Uwanja ukasimama wote kwa pamoja.

Walikuja wakikimbia, wanaume, wanawake, viazi bado mikononi. Don Hilarión naye alikuwa mbele yao, amesahau uzee, anakimbilia lori lake. Fortunato aliona uso wa mzee ukibadilika alipoyaona magurudumu ya nyuma yakizunguka; aliona akisimama ghafla na kuwatandazia mikono waliokuwa nyuma yake, kama mtu anayezuia ng'ombe. Mawe yakagonga bodi. Jingine likapasua kioo cha nyuma. Pua ya lori ikainama, na njia ya mtoni ikawameza.

Ilikuwa njia nyembamba iliyochimbwa katikati ya kuta mbili za udongo, ya punda na llama wa mizigo, isiyo na mahali pa kukwepea. Gia ya kwanza ilishika. Injini ililia kwa sauti ya juu ikilizuia lile lori na mzigo wake wote wa uozo, na Fortunato akaanza kupumua. Mama Teodora akasema harufu ya vitunguu itamwua kabla ya moyo. Benita, macho amefumba, akacheka kidogo, kisha akashika tumbo.

Ndipo mti wa gia ukaruka mkononi mwa Fortunato.

Aliuona ukirudi katikati, huru. Sauti ya injini ikashuka, ikawa mnong'ono. Akakanyaga klachi, akasukuma, meno ya chuma yakasaga na kukataa. Akajaribu ya pili, yakakataa. Lori lilikuwa linateremka kwa uzito wake lenyewe sasa, kimya, na kila pumzi likiongeza kasi. Grover aliutazama mguu wa fundi ukikanyaga breki mpaka sakafuni, mara ya kwanza, mara ya pili, kwa mazoea tu, akaelewa.

Wakamaliza kona ya mwisho.

Chini, pale njia inapoingia mtoni, wanawake wa vitongoji vya ng'ambo walikuwa wamepiga magoti ukuta hadi ukuta, mistari miwili, wanapanga mawe. Walikuwa wamekuja kuwaunga mkono wenzao wa Kollpana kwa kuifunga hata njia hiyo. Migongo yao ilikuwa imeelekea lori, watoto wachanga wamelala kwenye mitandio ya rangi, na upepo wa mtoni ulikuwa unavuma kutoka kwao, ukirudisha nyuma kila sauti.

Grover alianza kupiga kelele. Upepo ukamrudishia kelele zake mdomoni. Akapuliza filimbi, hakuna kofia hata moja iliyogeuka.

Fortunato akanyoosha mkono juu ya kichwa chake, akaikamata kamba ya honi, ile honi ndefu iliyo juu ya kebini, inayosikika kutoka bonde moja mpaka jingine. Akaivuta kwa nguvu zake zote.

Kimya.

Honi nayo ilikuwa ya upepo, kama breki.